Latria

Latria (kutoka neno la Kigiriki λατρεία, latreia, yaani "utumishi" au "ibada") ni istilahi ya teolojia ya Ukristo inayotaja ibada anayostahili Mungu peke yake. Hutofautishwa na dulia, yaani heshima wanayopewa watakatifu, na hiperdulia, heshima ya pekee anayopewa Bikira Maria.

Katika Kiswahili neno "ibada" lina maana pana: hutumika kwa sala ya Jumapili, kwa mazishi, na hata kwa heshima kwa watakatifu. Kwa hiyo tofauti hiyo hueleweka zaidi ikisemwa kwamba Mungu huabudiwa, watakatifu huheshimiwa.

Katika Biblia

Msingi wake ni amri ya kwanza kati ya Amri Kumi (Kut 20:2-6, Kumb 5:6-10). Yesu aliitegemea alipomkatalia Shetani jangwani (Math 4:10). Mtume Petro alimwinua Kornelio aliyemsujudia (Mdo 10:25-26), na malaika alimkataza Yohane asimsujudie (Ufu 22:8-9).

Wakati huohuo Wakristo walimwabudu Yesu. Katika karne ya 4 Atanasi wa Aleksandria alitumia jambo hilo dhidi ya Ario: kama Kristo angekuwa kiumbe, kumwabudu kungekuwa kuabudu sanamu.

Katika Dola la Roma

Mnamo mwaka 112 hivi, gavana Plinio Mdogo alimwandikia Kaisari Traiano kwamba aliwajaribu watuhumiwa kwa kuwataka waiombe miungu, waitolee sanamu ya Kaisari divai na ubani, na kumlaani Kristo. Waliodumu kukiri Ukristo aliagiza wauawe. Katika miaka 249-250 Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha hivyo. Baadhi ya hati hizo zimepatikana Misri. Kwa watawala tendo hilo lilionyesha uaminifu kwa dola. Kwa Wakristo lilikuwa kumkana Mungu.

Suala la picha takatifu

Katika karne ya 8 makaisari kadhaa wa Bizanti walipiga marufuku heshima kwa picha takatifu. Mtaguso wa pili wa Nisea (787) uliamua kwamba picha zinaweza kubusiwa na kuinamiwa, kwa kuwa heshima humwendea yule anayechorwa, lakini latria ni kwa Mungu tu. Tafsiri mbovu ya Kilatini ya maamuzi hayo ilififisha tofauti hiyo, na wanateolojia wa Karolo Mkuu wakayapinga vikali.

Misimamo ya madhehebu

Wakatoliki na Waorthodoksi wanashika uamuzi wa Nisea. Kwao, kumwomba mtakatifu ni kumtaka aombee, si kumwabudu.

Yohane Kalvini alikataa tofauti kati ya latria na dulia, akisema kwamba kwa vitendo watu hutoa vyote viwili kwa namna ileile. Makanisa ya Kireformati hayaombi watakatifu wala kuheshimu picha.

Hivyo madhehebu hayo yote yanakubali kwamba Mungu pekee anaabudiwa. Yanachobishania ni matendo gani yahesabiwe kuwa kuabudu. Pia yanafundisha kwamba amri hiyo inavunjwa hata bila sanamu, mtu anapotegemea mali, madaraka au uganga kuliko Mungu.