Kufuli la waifai la mjomba

Wadau, nimerudi chuo, likizo imekatika kama umeme na boom bado halijatoka. Leo niwape historia kidogo, ila inaanzia kwetu Mwandoya, kwenye duka la stationari la mjomba.

"Mjomba, bando halimalizi hata wiki. Naibiwa!" Nje ya duka benchi limejaa vijana wameinamia simu. Nikafungua mipangilio ya rauta yake, ya mtumba. Jina la kuingilia admin, paswedi admin. Ulinzi: WEP. Nilicheka mpaka basi.

WEP ilikuja mwaka 1997 na kiwango cha kwanza cha waifai. Ufunguo ni ule ule, unachanganywa na namba ya biti 24 kwa kila pakiti. Namba hizo ni kama milioni 16.7 tu, na mtandao wenye shughuli huzimaliza haraka, halafu zinajirudia. Sisi walimu watarajiwa si tunajua? Mwalimu mwenye maswali machache, wanafunzi wakikusanya mitihani ya nyuma wamemmaliza. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir wakaonyesha ubovu mkubwa zaidi: ukisikiliza hewani vya kutosha, ufunguo wenyewe unautoa. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walishusha kazi hiyo hadi chini ya dakika moja!

WPA ya 2003 ilikuwa kiraka tu, ili vifaa vya zamani visitupwe. WPA2 ikaja 2004. (Nayo Mathy Vanhoef aliitoboa 2017, ndipo ikaja WPA3 mwaka 2018.)

Sasa sisi. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam 2009. Yaani intaneti ya kasi inatua, kufuli la WEP lina miaka 8 tangu livunjwe, na bado rauta zinatuletea WEP kwenye orodha kama chaguo halali! Hapo ndipo ninapokasirika. Mjomba angejuaje?

Bahati nzuri ya kwake ilikuwa na WPA2. Nikaiweka, paswedi ya maneno manne ya Kisukuma, nikabadilisha na ile ya admin, maana anayeingia humo anaweza kumfungia nje mwenye mali.

Benchi lilikaa tupu siku mbili. Siku ya tatu nikakuta paswedi imeandikwa kwa maka peni kwenye kipande cha boksi, imebandikwa ukutani. Mjomba kachoka kuwatajia wateja.