Makaburi Matatu ya Nîmes: Athari ya Waislamu Kusini mwa Ufaransa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tukaangalie mwisho wa waliotutangulia. Kwa mwenye nia hiyo, mji wa Nîmes ulioko kusini mwa Ufaransa unatosha kuzungukwa kwa miguu kwa siku moja, bila ya kiongozi.

Matembezi huanzia kwenye uwanja wa michezo wa Warumi, uliojengwa mwishoni mwa karne ya kwanza Miladia na kuchukua watazamaji wapatao 24,000. Humo watu waliuana ili wengine wafurahi. Mwendo wa dakika chache kuelekea kaskazini kuna hekalu liitwalo Maison Carrée, lililowekwa kwa ajili ya Gaius na Lucius, wajukuu wa mfalme Augustus. Vijana hao wawili walikufa kabla ya babu yao, na hekalu halikuwafaa kitu. Kisha njia hufuata mfereji wa maji hadi bustani ya La Fontaine, na juu ya kilima umesimama mnara wa Tour Magne, sehemu ya ukuta wa kale wa mji.

Je, Waislamu wanaingia wapi katika habari hii? Al-Samh bin Malik al-Khawlani, liwali wa Andalus aliyeteuliwa na Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliiteka Narbonne, ambayo Waarabu huiita Arbuna, mnamo mwaka 719, naye akauawa mbele ya Toulouse mwaka 102 Hijria (721). Baada yake Anbasa bin Suhaym al-Kalbi aliingia Nîmes mwaka 107 Hijria (725), na mji ukasalimu amri kwa amani. Mwaka 737 Charles Martel, aliposhindwa kuichukua Narbonne, aliibomolea Nîmes ngome zake na kuutia moto ule uwanja wa Warumi, uliokuwa umegeuzwa ngome. Mwaka 752 mji ukaingia mikononi mwa Wafaranki, na Narbonne ikafuata mwaka 759.

Vitabu vinatusimulia vita tu. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi mjini humo mwaka 2006 na 2007 walikuta miongoni mwa makaburi ya zamani makaburi matatu ya wanaume. Kila maiti alilazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kusini-mashariki, ambako ndiko Makka iliko ukiwa Nîmes. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 uliyaweka makaburi hayo kati ya karne ya saba na ya tisa, na ukaonyesha kuwa nasaba yao ya upande wa baba inafungamana na Afrika Kaskazini.

Wanafunzi wa fiqhi wataufahamu uzito wa jambo hili. Kumzika maiti ni faradhi ya kifaya. Kwetu sisi Mashafii kumwelekeza kibla ni wajibu, na kumlaza ubavu wa kulia ni sunna. Maiti hajizikiki. Basi walikuwapo hai waliokijua kibla wakiwa mbali na kwao, na waliotimiza haki ya ndugu zao.

Hata hivyo, tusizidishe. Makaburi matatu hayathibitishi msikiti wala madrasa, na mwenye kuandika tarikh ana amana kama mpokezi wa hadithi. Linalothibiti linatosha: mahekalu ya wafalme yamebaki kuwa mawe ya kutazamwa, na watu watatu wasiojulikana majina wametambuliwa kwa sunna waliyozikwa nayo. Nasi tujiulize, vijana wetu wangapi leo wanaweza kumwosha, kumkafini na kumzika mzee wao bila ya kumngoja imamu?

Allah awarehemu, na atujaalie mwisho mwema. Wallahu aalam.