Mcheza Kwao Hutuzwa: Vijana na Unakili wa Muziki katika Matisi

Makala haya yanakusudia kuchunguza sababu za kijana wa Matisi, kando ya mji wa Kitale, kunakili wimbo pasipo kujiona mwizi. Jawabu limo katika historia ya malipo ya msanii, na pia katika msamiati.

Methali yasema: mcheza kwao hutuzwa. Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, mpiga litungu alialikwa penye sherehe, akatuzwa papo hapo na waliomsikiliza. Kilichotuzwa ni mtu na uhodari wake. Wimbo wenyewe haukuwa bidhaa.

Santuri ilitenga sauti na mwenyewe. Tangu hapo, haki ya msanii ikategemea maandishi. Mzozo wa "Malaika" wadhihirisha jambo hili: Fadhili William aliurekodi na kujulikana kuwa mtungaji, ilhali wengine, akiwamo Adam Salim, walidai kuwa ni wao walioutunga. Wimbo uliweza pia kusafiri bila mwimbaji wake, kama "Helule Helule" wa Daudi Kabaka, ulioimbwa Uingereza na The Tremeloes mwaka wa 1968.

Hata hivyo, santuri ilihitaji kiwanda. Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka wa 1963, iliondoa kizuizi hicho: mwenye redio ya kaseti mbili alikuwa na kiwanda chake mezani. Baadaye zikaja sidii, kompyuta na simu.

Sheria nayo haikukosekana. Kenya ilipitisha Sheria ya Hakimiliki mwaka wa 1966. Chama cha MCSK kikaundwa mwaka wa 1983. Na sheria mpya ya mwaka wa 2001 ikaleta Bodi ya Hakimiliki pamoja na vibandiko vya kutambulisha kazi halali. Lakini sheria hizi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwanasheria anaposema "kukiuka hakimiliki", kijana husema "kutoa kopi" au "kuwekewa nyimbo". Katika semi hizi kitenzi "kuiba" hakimo.

Yafaa izingatiwe kwamba kijana huyo si bahili. Humlipa fundi wa kibandani anayemjazia nyimbo simuni, na arusini humtuza mwimbaji. Kanuni yake ni ile ile ya kale: hulipwa aliye mbele ya macho. Aliyepotea machoni ni mtunzi.

Wako wanaodai kuwa kunakili humtangaza msanii. Dai hilo lina ukweli, kwani kaseti iliyonakiliwa ilifika pasipofika duka la santuri. Lakini sifa haimlishi mpiga litungu, wala haimshawishi mwanawe kujifunza ala hiyo.

Kwa hivyo, haitoshi kukaza adhabu. Wataalamu wa lugha wana wajibu wa kuieleza hakimiliki kwa dhana ambayo kijana anayo tayari: kwamba kulipia wimbo ni kumtuza mchezaji asiyeonekana.