Kufukua kwa Upepo: Bomba Lihamishwe, Mti Ubaki

Novemba 2020, mugumo mmoja kando ya barabara ya Waiyaki, Westlands, jijini Nairobi, ulinusurika. Ulikuwa umeishi zaidi ya miaka 100, na ulikuwa ung'olewe kupisha barabara mpya ya kasi ya kutoka Mlolongo. Wananchi walipaza sauti, na amri ya Rais Uhuru Kenyatta ikauacha pale uliposimama. Miti mingi ya mjini haipati mtetezi wa namna hiyo, na si yote inayouawa kwa msumeno. Mingi huuawa chini kwa chini, siku mtaro wa bomba la maji au wa kebo ya umeme unapopita penye mizizi.

Tatizo ni kugombea nafasi. Wengi hudhani mizizi huzama ardhini kwa kina kinacholingana na urefu wa mti. Kumbe sehemu kubwa hukaa ndani ya sentimita 60 za juu, penye hewa na unyevu, ikitambaa hadi kupita kivuli cha matawi. Mabomba na kebo nazo hulazwa humohumo au chini yake kidogo. Kijiko cha ekskaveta kikipita karibu na shina, hukata mizizi minene inayoushikilia mti usianguke, pamoja na ile myembamba inayounywesha. Mti hauanguki siku hiyo. Huendelea kuchanua majani, kisha miaka inapopita ncha za matawi huanza kukauka, na wakati huo hakuna tena anayeukumbuka mtaro.

Kwa hiyo wataalamu wa miti huko Marekani na Uingereza hutumia chombo chenye umbo la mrija mrefu, kilichounganishwa na kompresa. Nguvu ya hewa inayoingia ni ya kawaida, karibu sawa na ile ya tairi la lori. Siri iko kwenye mdomo wake: hubanwa, kisha hupanuka, hata hewa ikatoka kwa mwendo wa takriban mara mbili ya kasi ya sauti. Hewa hiyo hupenya vitundu vya udongo, hutanuka ndani yake na kuupasua. Mzizi, bomba na kebo havina vitundu vya namna hiyo, kwa hiyo hewa huvipita juu juu. Udongo hutawanyika au huvutwa na mashine ya kufyonza, na mizizi hubaki ikining'inia mizima.

Kazi hii tuiiteje kwa Kiswahili? Jibu la haraka ni "uchimbaji kwa hewa", lakini maneno yote mawili yana kasoro. Kuchimba hulenga shimo: mtu huchimba kisima, msingi au kaburi, na kilichomo njiani hukatwa. Kufukua hulenga kitu kilichofunikwa. Tena kitenzi hiki kina mwenzake, kufukia, kama vile kufungua kulivyo na kufunga. Ndivyo kazi yenyewe inavyokwenda: mizizi hufukuliwa, bomba huhamishwa, mizizi hufukiwa. Kuhusu hewa, mafundi wa matairi wamekwisha kuamua siku nyingi. Kwao tairi hujazwa upepo, na upepo ndio hewa iliyo mwendoni. Basi kazi ni kufukua kwa upepo, na chombo ni sepetu ya upepo.

Istilahi ya pili ni ya eneo la kulindwa kuzunguka mti. Hifadhi ya mizizi inafaa, kwa kuwa wasomaji wanajua tayari kwamba hifadhi ni mahali ambapo si kila shughuli inaruhusiwa. Nchini Uingereza, mwongozo uliotungwa na NJUG, umoja wa kampuni za huduma kama za maji na umeme, huipima kwa kamba tu: mzunguko wa shina hupimwa mita 1.5 kutoka ardhini, kisha huzidishwa mara 4. Shina lenye mzunguko wa mita 2 lina hifadhi inayofika mita 8 kila upande. Humo mashine za kuchimba haziingii, na ndani ya mita 1 kutoka kwenye shina hapachimbwi kwa namna yoyote kabla ya kushauriana na ofisa wa miti wa serikali ya mtaa. Mzizi wenye unene unaozidi milimita 25 haukatwi bila ushauri wa mtaalamu.

Mizizi ikishafukuliwa, fundi huona njia. Kebo hupenyezwa chini yake, au bomba jipya huvutwa kwa kina zaidi na la zamani likaachwa ardhini. Lakini mizizi iliyo wazi hukauka upesi, hasa juani, hivyo hufunikwa magunia yaliyoloweshwa hadi siku ya kuifukia. Udongo uleule hurudishwa kwa mkono, bila kushindiliwa kwa mashine wala kuchanganywa na kifusi cha saruji. Udongo mkavu wa mfinyanzi hukaidi hata upepo. Humwagiliwa maji siku moja au mbili kabla ya kazi.

Kazi hii huenda polepole, na kompresa hugharimu fedha. Ndiyo maana istilahi hizi mbili zinahitajika kwenye hati za zabuni. Hati ikisema "kuchimba mtaro mita 40", mkandarasi ana haki ya kuleta ekskaveta. Ikitaja mita ngapi ni za kufukua kwa upepo, upana wa hifadhi ya kila mti na unene wa mzizi usioguswa, msimamizi ana kifungu cha kumwonyesha kabla kijiko hakijashushwa.