Jina la Thor na Ghadhabu ya Mashabiki

Julai 2014 kampuni ya Marvel ilitangaza kupitia televisheni ya Marekani kwamba Thor, mungu wa radi wa vitabu vyake vya katuni, sasa angekuwa mwanamke. Mashabiki wengi walikuja juu. Hoja yao kuu ilisikika vizuri: Thor si cheo, ni jina la mtu, na kama wanawake wanataka shujaa, waundiwe wao.

Katuni zenyewe zinaikataa hoja hiyo. Tangu 1962, nyundo ya Thor imechorwa ikiwa na maandishi yanayomwahidi nguvu zake yeyote anayestahili kuishika. Mwaka 1983 mwandishi Walt Simonson alimkabidhi nyundo hiyo Beta Ray Bill, kiumbe wa anga za mbali mwenye uso kama wa farasi. Miaka mitatu baadaye akamgeuza Thor mwenyewe kuwa chura. Mashabiki watasema Bill hakuchukua jina, na ni kweli, alitengenezewa nyundo yake akaenda zake. Basi tumtazame Eric Masterson, msanifu majengo ambaye kuanzia 1991 alibeba nyundo na jina vyote viwili kwa takriban miaka miwili. Hakuwa mwana wa Odin kama Thor wa awali, ila alikuwa mwanamume. Ni kweli pia kwamba shabiki wa wakati ule alikuwa na barua kwa mhariri tu, hakuwa na intaneti. Hilo linaeleza kwa nini kelele za 2014 zilifika mbali. Halielezi kwa nini jina liligeuka kuwa mali ya ukoo siku lilipochukuliwa na mwanamke.

Wengine walikimbilia ngano za kale alikotoka Thor, kwamba mungu huyo ni mwanamume, na hapo walijikwaa vibaya. Katika shairi la Þrymskviða, lililohifadhiwa Iceland katika hati ya karne ya 13, jitu limeiba nyundo na linadai mke. Thor anavalishwa shela na mikufu ya bibi harusi, anaketi karamuni, anamaliza ng'ombe mzima na samaki wanane, kisha anarudishiwa nyundo na kuwaua wenyeji wake.

Aliyekuwa nyuma ya kofia ya chuma ya Thor mpya alifichuliwa 2015: Jane Foster, nesi aliyekuwemo katika katuni hizo tangu 1962, sasa anaugua saratani ya matiti. Kila anapoinua nyundo, dawa za saratani zinatoka mwilini, kwa hiyo ushujaa unamuua polepole. Mwandishi Jason Aaron aliwajibu wapinzani pia kwa kumpa mhalifu mmoja malalamiko yao, kisha mhalifu huyo akavunjwa taya. Jibu hilo lilikuwa rahisi mno. Ugonjwa wa Jane ulijibu vizuri zaidi.

Walioshuku kwamba yote ni mbinu ya kuuza walikuwa na haki yao. Mwaka 2018 Jane aliitupa nyundo juani akafa, akafufuliwa, na mwana wa Odin akarudishiwa jina lake. Hao walikuwa na hoja nzito kuliko waliopigania jina, lakini walisikika kidogo.