Nyumba ya Udongo ya Kwihara

Sisi wa Iga Barrière tunajua nyumba ya poto-poto: nguzo za miti, fito, udongo uliokanyagwa kwa miguu, na manyasi juu. Wengi wetu tulizaliwa ndani yake. Lakini tunasikia watu wakisema kwamba nyumba ya udongo haina historia, kwamba historia ni ya majumba ya mawe tu. Tutazame basi nyumba moja ya udongo, tuone kama maneno hayo ni ya kweli.

Daudi Livingstone alizaliwa Blantyre, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1813. Kule wakubwa wa zamani walijenga mashambani majumba ya mawe kama minara, yenye kuta nene na madirisha madogo, kwa kuwa waliogopa maadui. Yeye hakuzaliwa katika jumba la namna hiyo. Alikuwa mtoto wa maskini. Wazazi na watoto walikaa katika chumba kimoja, naye akafanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu utoto. Nyumba kubwa aliyokaa uzeeni ilikuwa Afrika, katika kijiji cha Kwihara, karibu na Tabora. Aliingia humo pamoja na Stanley tarehe 18 Februari 1872, akatoka tarehe 25 Agosti.

Nyumba hiyo ni tembe. Ina pembe nne, na vyumba vimezunguka uwanja wa ndani. Kuta zake ni za miti na udongo, nene sana, ili joto la mchana lisipenye. Dari yake ni bapa: miti imelazwa toka ukuta hata ukuta, na juu yake udongo umeshindiliwa. Kwetu Ituri paa la namna hii lingeanguka upesi kwa sababu ya mvua nyingi; Unyamwezi una kiangazi kirefu, basi linafaa. Mlango ulichongwa kwa ufundi wa pwani, na mbele kuna baraza ya kupokea wageni. Hivi ufundi wa Wanyamwezi na ufundi wa Waarabu vilikutana katika nyumba moja.

Paa la udongo lina faida nyingine: haliwaki moto upesi kama manyasi. Mwezi wa Agosti 1871 askari wa mtemi Mirambo walishambulia Tabora, wakachoma nyumba. Stanley, aliyekaa katika tembe hiyo wakati ule, alitoboa matundu ukutani kwa ajili ya bunduki, akangoja. Mirambo hakufika.

Hapa tusifiche jambo zito. Tembe kama hizo zilikuwa nyumba za wafanya biashara ya pembe na watumwa. Tena Livingstone alikuwa ametoka Manyema, alikoona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe mwezi wa Julai 1871. Katika nyumba hiyohiyo, tarehe 1 Mei 1872, alimaliza barua ya kuomba Wamarekani wasaidie kukomesha biashara ya watumwa. Akafa tarehe 1 Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao walipochukua maiti yake kwenda pwani, walipita tena Kwihara. Na huko Bagamoyo, Februari 1874, ilipokelewa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu.

Nyumba ya kale ilibomoka, kama udongo wote usiotengenezwa. Katika karne ya 20 ilijengwa upya kwa mfano wake, ikawa makumbusho. Iliwezekana kwa sababu umbo lake lilikumbukwa na kuandikwa.

Je, za kwetu? Katika vita vya miaka 1999 hadi 2003, na tena tangu mwisho wa mwaka 2017, nyumba nyingi za Djugu zilichomwa, na wenyewe wakakimbia. Nani ameandika zilivyokuwa? Tunawaomba wafratri wakati wa likizo, na wakatekista katika vijiji na kambi, wawaulize wazee: nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, mlango ulitazama wapi, moto ulikaa wapi, mgeni alilala wapi. Daftari moja na kalamu vyatosha. Siku watu watakaporudi kwao, wapate pa kuanzia.