Akidi ya bakteria bwawani

Akidi tumeizoea bungeni na kwenye vyama vya ushirika: idadi ambayo isipotimia, uamuzi haupiti. Wanasayansi wa Marekani walilitwaa neno hilo kwa lugha yao mwaka 1994 kueleza tabia ya bakteria, na Kiswahili hakina sababu ya kusitasita kusema utambuzi wa akidi. Bakteria wa aina nyingi hutoa kemikali majini. Wakiwa wachache, kemikali hiyo hupotea. Wakijazana, hufika kiwango kinachowageuza wote mwenendo kwa pamoja. Ndipo Vibrio harveyi, adui wa kamba wa kufugwa, anapong'aa gizani na kuziwasha baadhi ya silaha zake. Atakayesema bakteria hawapigi kura, kweli hawapigi. Lakini neno “utambuzi wa wingi”, ingawa ni jepesi zaidi, halina kizingiti ndani yake, na kizingiti ndicho kinachomhusu mfugaji. Vibrio ni wenyeji wa bahari. Kila bamvua inayojaza bwawa nyuma ya mikoko ya Gazi, pwani ya Kenya, huja nao. Kuwamaliza hakuwezekani. Kuwazuia wasitimize akidi kunawezekana.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie antibiotiki tu. Kamba akiugua huacha kula, kwa hiyo dawa iliyochanganywa na chakula huzama kwenye tope na kuwalea bakteria sugu. Soko nalo halisamehe: mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia kamba wa China kwa sababu ya masalia ya kloramfenikoli. Chanjo kama ile ya kideri kwa kuku haisaidii pia, kwani kamba hana kingamwili za kuikumbuka.

Njia mbadala iliyowavutia watafiti ni uvunjaji wa akidi. Baadhi ya bakteria wa jamii ya Bacillus wana kimeng'enya kinachokata kemikali ya mawasiliano kabla haijarundikana. Hapa pingamizi lina uzito: V. harveyi hutumia kemikali za aina tatu, na kimeng'enya hicho hukata moja tu. Matokeo ya maabara basi si ahadi ya bwawani. Hata hivyo akidi ina upande wa pili, ule wa idadi yenyewe, na huo umo mikononi mwa mfugaji: kupunguza msongamano wa vifaranga, kutoacha chakula kioze chini, kutoa tope baada ya mavuno na kulikausha bwawa wakati wa kaskazi. Udongo wa mikoko ukikauka hutoa asidi, kwa hiyo chokaa ni lazima kabla ya kujaza maji tena. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) ina kituo cha ufugaji wa viumbe vya baharini Shimoni. Mfugaji wa Msambweni anayeuziwa paketi ya bakteria wema ana mahali pa kuuliza inavunja kemikali ipi.